Koti Lisilofuliwa

Wiki iliyopita mliniacha getini, kwenye nchi ya watu, nimeshika begi ambalo si langu.

Kwa aliyechelewa kuingia, nitasema upesi. Mimi ni yule binti aliyeishia darasa la saba ambaye hajawahi kumwambia Shangazi hapana. Shangazi ndiye aliyenilea. Akisema kaa, nimeshakaa. Basi aliponitafutia mume, fundi wa majeneza aliyefiwa na mkewe, mtu mpole asiye na neno na mtu, nilinyamaza. Ila siku ya kwanza fundi alinitazama kuanzia utosini hadi kwenye kisigino, akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyekwishapata kipimo. Nikahisi baridi.

Badala ya kusema hapana, nikasema nimepata nafasi ya kwenda nje, kujitolea kwenye kituo cha kulelea wanyama wa porini waliobaki yatima.

Shangazi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wewe? Nje? Utarudi kabla chai haijapoa!"

Tukawekeana sharti mbele ya majirani. Nikimaliza miezi mitatu huko, habari ya fundi imekwisha. Nikirudi kabla, nitashuka kwenye basi naingia kwenye gauni la harusi.

Mpakani begi langu likaenda na mtu mwingine. Lilikuwa na nguo zangu zote, simu yangu, na utepe wenye namba ya Shangazi. Nililobaki nalo lilikuwa la mchuuzi wa viatu. Viatu vipya, vizuri, vinang'aa, na vyote ni vya mguu wa kushoto.

Hapo ndipo geti lilipofunguka.

Aliyefungua alikuwa mwanaume mrefu mwenye miguu kama ngazi. Alinitazama, akalitazama begi lililokuwa limefumuka pembeni.

"Umekuja kujitolea au umekuja kuuza viatu?"

"Kujitolea, kaka."

"Afadhali. Maana hapa tunao wenye miguu minne, lakini hakuna mwenye ya kushoto mitupu."

Huyo ndiye mlezi mkuu wa wanyama. Wenzake wanamwita Bwana Taratibu, na si kwa kumsingizia. Alifunga geti kama mtu anayemlaza mtoto.

Akanipeleka kwa Daktari. Daktari ndiye mkubwa wa kituo, mama mfupi mwenye mabuti yaliyompita magoti, anaongea huku anatembea, ukitaka kumsikia sharti ukimbie.

"Karibu. Hapa wanyama wanalelewa warudi porini, hawalelewi wawe wa kwetu. Usimpe mnyama jina. Usimbembeleze. Usimwimbie. Kanuni nyingine utapewa na Bwana Taratibu. Una swali?"

Kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshaingia kwa fisi.

Nikamgeukia Bwana Taratibu. "Kanuni nyingine ni zipi, kaka?"

"Taratibu, dada. Mimi natoa kanuni moja kwa siku, ikae kichwani. Ya leo ni komeo la geti. Ukifungua, funga. Ukifunga, rudi uangalie kama umefunga."

"Na ya kesho?"

"Ya kesho ni ya kesho."

Ningejua yaliyokuwa kwenye kanuni ya kesho, ningemshika shati aiseme palepale.

Mpishi wa kituo, Mama Jiko, ndiye aliyenionea huruma. Alinipa ovaroli ya kuvaa kwa kuwa sikuwa na nguo, akaniazima simu nimpigie Shangazi, ambaye namba yake naijua kwa kichwa, nimwambie nimefika. Shangazi hakupokea. Nikashangaa. Shangazi hupokea simu hata akiwa anapigwa sindano.

Kulipokucha nikaamka kabla ya wengine. Sasa sikilizeni nilivyolelewa. Shangazi ana neno lake: "Ukifika kwa watu, usingoje kuambiwa. Tafuta kilicho kichafu, ufue." Kwake hiyo ndiyo salamu. Nyumba tatu nimewahi kupelekwa kukaa nikiwa mtoto, na zote tatu nilijulikana kwa kamba iliyojaa nguo.

Nikafua gauni langu la safari. Maji ya povu yakabaki, mazuri, mazito. Kuyamwaga niliona dhambi. Nikatazama huku na huku, ndipo nikaliona.

Nyuma ya zizi dogo, juu ya msumari, lilining'inia koti. Koti refu kama la fundi gereji, lenye mistari myeusi na myeupe, ingawa nyeupe yake ilikuwa ya kukisia. Maziwa yalikuwa yamegandia kifuani. Mikono ilikuwa na mate. Mgongoni sitaji. Ukililaza chini linabaki limesimama.

Nikajisemea, maskini hawa watu, kazi imewazidi.

Nikalizamisha.

Maji yakawa meusi. Nikafurahi. Nikasugua. Yakazidi kuwa meusi, nami nikazidi kusugua, najisifu kimoyomoyo: tazama uchafu unavyotoka! Shangazi angenionea fahari. Nilipolikamua na kulitundika, mistari ilikuwa imehama kwenye koti, imebaki kwenye beseni. Koti lote lilikuwa rangi ya majivu, safi, linanukia kama duka la dawa.

Bwana Taratibu akaja na chupa kubwa ya maziwa. Akanyoosha mkono kwenye msumari bila kutazama, kama mtu anayeshika kitasa cha mlango wa kwake. Mkono ukashika hewa.

"Dada. Koti liko wapi?"

Nikaonyesha kamba, meno yote nje.

Kwa mara ya kwanza katika kituo kile, Bwana Taratibu alikimbia.

"DAKTARI!"

Watu wakatoka kama nyumba inaungua. Daktari akafika, akaligusa koti, akalinusa, akafumba macho. Mama Jiko akashika kichwa kwa mwiko.

"Nani?" Daktari akauliza.

Wote walinitazama mimi na vidole vyangu vyeusi.

"Bwana Taratibu, hukumwambia?"

"Ilikuwa kanuni ya leo, Daktari," akasema, sauti haipandi. "Nilikuwa nakuja nayo."

Ndipo nikaambiwa. Ndani ya lile zizi dogo kulikuwa na mtoto wa punda milia. Mama yake aliuawa na simba, naye akaokotwa bado miguu inatetemeka. Mtoto wa namna hiyo, siku zake za kwanza, humkariri mama yake: mistari yake na harufu yake. Sasa ili asije akampenda mtu mmoja na kukataa kurudi kwa wenziwe, walezi wote huvaa koti moja kwa zamu. Mama yake si Bwana Taratibu wala Daktari. Mama yake ni koti. Na koti halifuliwi, maana harufu ndiyo sura ya mama.

"Kwa hiyo..." nikasema.

"Kwa hiyo umemfua mama yake," akasema Mama Jiko.

"Si lipo la akiba?" nikauliza.

"Lipo mjini kwa fundi cherehani. Linawekwa mifuko."

"Alisema litakuwa tayari lini?"

"Ijumaa," akasema Daktari.

"Ijumaa ipi?"

Hapo kila mtu akatazama pembeni.

Bwana Taratibu akavaa lile la majivu, akaingia zizini. Nikachungulia kwenye upenyo wa mbao. Yule mtoto alikuwa mdogo, miguu mirefu kuliko akili yake, manyoya yamesimama shingoni kama mswaki. Alipoona mtu anaingia alimkimbilia, masikio mbele. Akanusa. Akarudi nyuma. Akamzunguka Bwana Taratibu akitafuta kitu nyuma yake, kisha akaenda mlangoni, akasimama akitazama nje.

Alikuwa anamngoja.

Nimelia mara chache katika safari hii, hata begi lilipopotea sikulia. Pale nililia.

"Maziwa hayataki. Anaweza kunyweshwa kwa nguvu, kwa mpira wa kupitishwa kooni?" Bwana Taratibu akauliza.

"Nikimshika kwa nguvu akiwa na woga huo, moyo wake hautahimili," Daktari akasema. Kisha akanigeukia. Hakuniinulia sauti, ndiyo maana niliogopa. "Binti, kila asubuhi gari la maziwa linatoka mjini kuja hapa, halafu linarudi. Kesho likirudi kabla mtoto huyu hajanywa, utarudi nalo. Sina ubaya na wewe. Lakini sitaweza kukutazama."

Kurudi. Siku ya tatu! Chai isingekuwa hata imefikiria kupoa.

Nikaomba ruhusa ya kujaribu. Nilichukua mkaa jikoni nikachora mistari upya juu ya koti, mmoja baada ya mwingine, ulimi nje kama niko darasa la kwanza. Mtoto alipolisogelea alipiga chafya, mkaa wote ukahamia puani mwake. Akaondoka na masharubu.

Mama Jiko akavua foronya ya godoro lake, yenye mistari ya bluu, tukamfunika nayo Bwana Taratibu. Akaingia zizini kama godoro linalotembea. Mtoto alimtazama jinsi mama mkwe anavyotazama chai ya baridi, akageuka.

Tukaomba rangi nyeusi kwa mlinzi. Harufu yake ilimkimbiza hadi kona ya mwisho. Tukaipeleka mbali.

"Mpakeni Daktari mistari mwilini," Mama Jiko akanong'ona.

"Nimesikia," akasema Daktari.

Jua linatua, mtoto bado amesimama mlangoni. Sasa alikuwa amelegeza shingo. Nami nimekaa upande wa pili wa mbao, simsemeshi, simwimbii, maana kanuni ni kanuni. Nilikaa tu.

Mama Jiko akaja na simu. "Shangazi yako."

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Begi lako limerudi."

"Limerudi wapi?"

"Kwangu! Mchuuzi wa viatu ni mtu mwaminifu, ameona namba kwenye utepe, akalikabidhi kwa kondakta wa basi la kurudi. Limefika nyumbani wewe hata huko hujafika. Sasa sikiliza, mwanangu. Begi ni la nani?"

"Langu, Shangazi."

"Na limerudi?"

"Limerudi."

"Basi umerudi."

"Shangazi, aliyerudi ni begi!"

"Msafiri ni begi. Mtu bila begi anatembea tu. Majirani wote wamekubali. Fundi ameshaanza safari kukuletea, na mtarudi pamoja."

Nilitaka kusema lile neno, hapana. Lilifika kwenye meno, likakaa. Nyuma ya sauti yake nikasikia punda analia, na sauti ya injini.

"Shangazi, uko nyumbani?"

"Niko wapi tena?"

"Nasikia punda."

"Ni redio."

"Redio inalia hivyo?"

"Redio za siku hizi hazina adabu," akasema, akakata.

Mimi si mwepesi wa kusema, lakini masikio ninayo. Mtaani kwetu hakuna anayefuga punda. Nikaliweka hilo moyoni, ila wasiwasi wa mtoto ukalifunika.

Asubuhi gari la maziwa likaja. Bwana Taratibu akamtoa mtoto zizini, wakatembea polepole kwenye uwanja wa mbele, labda hewa ya wazi itamfungua. Mtoto alikuwa anakokota kwato. Madebe ya maziwa yakashushwa, matupu yakapandishwa. Daktari alisimama amelipa gari mgongo.

Nikavaa gauni langu safi. Nikapanda na viatu vyangu vya kushoto.

Dereva akawasha. Tukafika getini, tukakwama.

Lori kubwa lilikuwa limeziba njia. Nyuma yake vichwa vya punda vimepangana, masikio yanapepea, harufu imetangulia kuliko lori lenyewe. Kiti cha abiria cha mbele hakikuwa na mtu. Kutoka nyuma, katikati ya punda, akateremka mwanaume, amekumbatia begi langu.

Fundi.

Nilimtambua kwa macho tu, maana mengine yalikuwa yamebadilika. Alikuwa na majani kwenye nywele. Basi lao lilikuwa limeharibika njiani, na msaada pekee uliopita ulikuwa wa punda. Alikuwa amekaa nao kutwa na kucha, wamemlalia, wamemlamba, wamemfutia pua.

Na alikuwa amevaa suti. Suti mpya aliyoishonesha kwa ajili ya harusi, mistari mipana, myeusi na myeupe, kuanzia begani hadi kwenye kiatu.

"Binti," akasema kwa upole, "nimekuletea..."

Hakumaliza. Nyuma ya gari nilisikia kwato. Hazikuwa za kukokota.

Mtoto alikuwa amesimama wima, masikio mbele, pua inacheza. Kisha akaja. Alikuja mbio, miguu inagongana, akapita chini ya mkono wa Bwana Taratibu, akapita geti ambalo kwa bahati njema dereva alikuwa ameshalifungua, akaingiza kichwa chote ndani ya koti la fundi.

Fundi akawa gogo.

"Dada," akaninong'oneza, midomo haichezi, "huyu anauma?"

"Usisogee!" tukapiga kelele watu wanne kwa mpigo.

"Sisogei. Hata nikitaka."

Daktari akaja anakimbia na chupa. Akamwekea fundi mkononi, akaushika mkono wake, akauelekeza. Mtoto akapapasa kwa midomo, akapata, akavuta.

Tukasikia anavyomeza. Glu, glu, glu. Hakuna sauti nzuri kama ile. Bwana Taratibu akakaa chini palepale kwenye vumbi. Mama Jiko akainua mwiko juu kama bendera.

"Ana mistari, na ananuka punda," akasema. "Mtoto angetaka nini zaidi?"

Daktari akajifuta macho kwa mkono wa glavu. Akanitazama kwenye kioo cha gari.

"Shuka. Sharti lilikuwa anywe kabla gari halijaondoka. Gari halijaondoka."

Nilishuka bila kugusa ngazi.

"Na wewe, bwana," akamwambia fundi, "hilo koti nalihitaji. Wewe pia, mpaka mtoto azoee kuliona kwa walezi wengine. Ni mpaka koti letu la akiba litoke kwa fundi cherehani."

"Alisema lini?"

"Ijumaa."

Fundi akatafakari, chupa mkononi, mate ya mtoto yanamtiririka kwenye tai.

"Mama, mimi mwenyewe ni fundi. Ijumaa ya fundi naijua." Akashusha pumzi. "Mnipe pa kulala."

Watu wakacheka, hata mimi. Akanitazama, na safari hii hakunipima. Alikuwa anaona haya. Daktari akaenda kuchukua chupa ya pili, akituachia amri moja: koti hilo lisiguswe na maji, hata mvua ikinyesha.

Hapo ndipo punda mmoja alipolia. Sauti ileile. Redio isiyo na adabu.

Nikageukia lori.

"Nyie!" ikatoka sauti nyuma ya lori, katikati ya masikio. "Hakuna mwanaume hapa wa kumshusha mtu mzima?"

Dereva wa lori akamshusha. Kilemba kimekaa upande, kwapani chupa ya chai, Shangazi akatua kwenye ardhi ya nchi ya watu kama ameinunua. Akafungua kifuniko. Mvuke ukapanda.

"Nilikwambia nini, mwanangu? Tumechemsha njiani, lakini chai ni chai. Bado ya moto. Panda twende."

Kabla sijajibu macho yake yakamwangukia fundi. Yakashuka polepole kwenye koti, maziwa, mate, majani, na yale ya punda ambayo sitaji.

"Suti ya harusi!"

"Mama, karibu," Bwana Taratibu akasema, akijaribu kuinuka, "taratibu kidogo, hilo koti..."

"Taratibu ndiyo imewafikisha kwenye uchafu huu! Kaa!" Akakaa. Shangazi akafungua mkoba wake, akatoa mche mzima wa sabuni. "Fundi, vua. Nani ana beseni?"

Beseni lilikuwa palepale ukutani. Nililiacha mimi.

Fundi akaanza kufungua vifungo. Simlaumu, hakuna aliyewahi kumkatalia Shangazi. Mtoto wa punda milia aliposikia nguo inasogea, akauma upindo wa koti, akafumba macho, akakaza.

Mama Jiko akanitazama. Bwana Taratibu akanitazama. Hata dereva wa maziwa akazima gari.

Neno lenyewe ni dogo. Mtoto wa chekechea analisema akipewa uji asioutaka. Mimi nililikimbia hadi nikavuka mpaka, na sasa limenifuata kwa lori la punda.

Shangazi akashika kola ya koti.

"Shangazi," nikasema.

"Nini?"

Nikafungua mdomo.